Jinsi ya kuiga mafuriko ya korongo la Dodoma kwa HEC-RAS

Makorongo ya Dodoma hukaa makavu zaidi ya nusu mwaka. Watoto huchezea mpira ndani yake, malori huchota mchanga wa kujengea. Kisha Desemba au Januari mvua moja ya saa mbili inanyesha juu vilimani, na barabara iliyopita juu ya korongo hilo inafungika hadi jioni. Mengi ya makorongo haya hayana kituo cha kupimia mtiririko, na hapo ndipo kompyuta inaposaidia: ukiwa na sura ya ardhi, kiasi cha mvua na vipimo vya kalavati, unaweza kukokotoa maji yatafika wapi, kwa kina gani, na yatakaa kwa muda gani.

Mwongozo huu unatumia HEC-RAS toleo la 6. Ni programu ya bure ya kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, inafanya kazi kwenye Windows, na tangu toleo la 5.0 la mwaka 2016 inaweza kusambaza maji pande zote juu ya ardhi badala ya kuyafuata kwenye mstari mmoja wa mto. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee.

Mfano tutakaoufuata ni korongo la zoezi, lakini vipimo vyake ni vya kawaida pembezoni mwa jiji: dakio, yaani eneo ambalo mvua yake hutiririkia korongoni, la kilomita za mraba 12, korongo kuu lenye urefu wa kilomita 6 linaloshuka mita 66, na barabara yenye kalavati la matundu mawili, kila tundu upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.5. Mgongo wa barabara uko mita 2.25 juu ya sakafu ya kalavati.

Ardhi kwanza

Anayeanza hukimbilia kufungua programu. Sehemu kubwa ya kazi iko kwenye sura ya ardhi, na modeli ikiharibika, mara nyingi imeharibikia hapo.

Data za bure zinazotumika zaidi ni SRTM, iliyopimwa kutoka angani Februari 2000, na Copernicus GLO-30, inayotokana na satelaiti za TanDEM-X zilizopima kati ya 2011 na 2015. Zote zina pikseli ya mita 30 hivi. Korongo lenye upana wa mita 12 linamezwa ndani ya pikseli moja, na unabaki na mteremko laini usio na mfereji. Jambo la pili husahaulika zaidi: kipande cha reli ya SGR kutoka Morogoro hadi Makutupora kilianza kujengwa 2018, kwa hiyo tuta lake halimo kwenye SRTM wala Copernicus. Barabara ya mzunguko wa nje nayo haimo, wala mitaa iliyoota baada ya Serikali kuhamia Dodoma. Ukichukua data hizo kama zilivyo, unaiga mafuriko ya mji ambao haupo tena.

Zitumie kwa kuchora mipaka ya dakio, kupima urefu wa korongo na kukadiria mteremko. Kwa hilo zinatosha kabisa. Ila eneo ambalo maji yatasambaa, tuseme kilomita 2 za korongo na mita 750 kila upande, lipimwe upya.

Droni ndiyo njia ya haraka. Ruka Septemba au Oktoba, kabla watu hawajalima na miti mingi ikiwa imepukutisha majani. Ukiruka Februari utapata kimo cha mahindi na uwele, si kimo cha ardhi, na hakuna kichujio kitakachokuondolea shamba lililofunga. Weka alama za chini zisizopungua tano, nne pembeni na moja katikati, zilizopimwa kwa GPS ya usahihi wa sentimita. Kama droni hakuna, levo na fimbo ya kupimia vinatosha: pima sehemu-mkato za korongo kila mita 50, na kila mita 25 unapokaribia kalavati. Kila mkato uwe na kitako cha korongo, miguu ya kingo, vichwa vya kingo, na angalau mita 30 za ardhi ya juu kila upande.

Usiache kupima mgongo wa barabara yenyewe: pointi kila mita 10, mita 300 kulia na 300 kushoto kwa kalavati. Maji yakizidi hayapandi juu ya kalavati kwa heshima ya mchoro. Yanatafuta sehemu ya chini kabisa ya barabara, ambayo mara nyingi iko mita 80 au 100 pembeni, karibu na geti la mtu.

Vimo vya GPS huhesabiwa kutoka kwenye umbo la kihisabati la dunia, wakati Copernicus inahesabu kutoka usawa wa bahari wa EGM2008. Hapa kwetu vimo hivyo viwili hupishana kwa zaidi ya mita kumi. Kabla ya kuunganisha data, chagua pointi tano za ardhi tupu, pata tofauti ya kila moja, na usogeze data moja kwa wastani wa tofauti hizo. Kama tofauti tano hazikaribiani, kuna pointi iliyopimwa vibaya. Itafute kabla hujaendelea.

Kanda 36 au 37

Nyuzi 36 Mashariki, mpaka kati ya kanda mbili za UTM (mfumo wa ramani unaopima mahali kwa mita), inapita mashariki kidogo tu ya jiji. Dodoma mjini, Bahi, Kondoa na Manyoni ziko kanda 36 Kusini, namba ya utambulisho ya mfumo wa ramani EPSG 32736. Kongwa, Mpwapwa na Gulwe ziko kanda 37, namba 32737. Dakio linalovuka mpaka huo lipewe kanda moja tu, ile yenye sehemu kubwa ya maji, na faili zote zibadilishwe kwenda huko.

Mtego wa pili ni michoro ya zamani ya viwanja na barabara. Mingi imechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa ramani wa zamani, ambao una namba zake, 21036 na 21037. Ukiisoma kana kwamba ni WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, kila kitu kinahama takribani mita 300. Mchoro utaonekana mzuri, mistari imenyooka, ila kalavati lako litakuwa limekaa shambani.

Maji kiasi gani

Mvua ya mwaka mzima Dodoma ni milimita 550 hadi 600, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa zoezi tunachukua dhoruba ya milimita 80 ndani ya saa mbili, yaani kama sehemu moja ya saba ya mvua ya mwaka ikishuka mchana mmoja. Kwa kazi halisi omba takwimu za mvua kali kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa na uchague mvua ya marudio (inayotarajiwa kurudi mara moja kwa miaka kadhaa) unayotakiwa kusanifia.

Sehemu ya mvua inaingia ardhini. Njia ya namba ya mkunjo, inayoandikwa CN, inatosha kwa kuanzia; CN ikiwa kubwa, maji mengi zaidi hutiririka. Udongo mwekundu uliogongwa na mifugo, vichaka vichache na nyumba kiasi, tunavipa CN ya 82. Hesabu inakwenda hivi, S ikiwa kiasi ambacho ardhi inaweza kushika:

S = 25400 ÷ 82 − 254 = milimita 55.8
Maji yanayopotea mwanzoni = 0.2 × S = milimita 11.2
Maji yanayotiririka = (80 − 11.2)² ÷ (80 + 0.8 × 55.8) = milimita 38

Milimita 38 juu ya kilomita za mraba 12 ni takribani mita za ujazo 456,000. Andika namba hiyo kwenye karatasi na uibandike ukutani, maana utaihitaji kuishtaki modeli baadaye.

Muda wa maji kufika kutoka kona ya mbali, kwa fomula ya Kirpich, ukiwa na urefu wa mita 6,000 na mteremko wa 0.011, unatoka dakika 90. Kilele kinafika saa 1.9 tangu mvua ianze: nusu ya muda wa mvua ukijumlisha asilimia 60 ya dakika hizo 90. Ukubwa wa kilele ni 0.208 × 12 × 38 ÷ 1.9, yaani mita za ujazo 50 kwa sekunde. Haidrografu, yaani mchoro wa mtiririko kadiri muda unavyokwenda, ni ya pembetatu: inapanda kwa dakika 114 na kushuka kwa dakika 190. Ukiiandika kila baada ya dakika 6, inapanda 2.63 kila hatua mara 19, kisha inashuka takribani 1.58 kila hatua.

Kama unataka kulinganisha kilele hicho na njia nyingine, modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki iliyotolewa na TRRL, maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, mwaka 1976 bado inatumiwa na wasanifu wa barabara. Namba mbili zikipishana mara tatu, rudi kwenye CN kabla ya kulaumu mvua.

HEC-RAS inaweza pia kunyeshea mvua moja kwa moja juu ya gridi, yaani wavu wa seli zinazofunika eneo. Inavutia, lakini kwa mara ya kwanza ingiza haidrografu mpakani. Mvua juu ya gridi inadai sura nzuri ya ardhi kwa dakio zima, na hiyo huna. Ukiitumia baadaye kumbuka kwamba jedwali la mvua linataka milimita zilizoanguka ndani ya kila kipindi. Aliyeandika 40 kwa maana ya milimita 40 kwa saa, kwenye jedwali la kila dakika 6, amenyesha mara kumi.

Kujenga modeli

Tengeneza folda yenye njia fupi, kwa mfano C:\RAS\korongo1, bila nafasi kwenye jina. Usiiweke kwenye folda inayosawazishwa na hifadhi ya mtandaoni; usawazishaji hufunga faili wakati programu inaandika, na ukokotoaji hukatika katikati.

Fungua mradi mpya, kisha nenda Options, Unit System, uchague SI. Hili ni la kwanza kabla ya chochote, kwa sababu programu imezaliwa Marekani na ukiiacha itafikiri kwa futi. Halafu fungua RAS Mapper, sehemu ya ramani ya programu. Kwenye Project chagua Set Projection na uipe faili la makadirio la kanda yako. Bofya kulia kwenye Terrains, chagua Create a New RAS Terrain, ongeza faili lako la GeoTIFF. Ukiwa na mawili, la droni likae juu ya orodha na la satelaiti chini yake. La juu ndilo linalosomwa pale yanapokutana.

Kama ulipima kwa levo, korongo bado halimo kwenye ardhi hiyo. Matoleo ya 6 yana zana za kurekebisha ardhi ndani ya RAS Mapper: ongeza rekebisho la mfereji, chora mstari katikati ya korongo, mpe upana wa kitako, mteremko wa kingo na vimo ulivyopima. Fanya vilevile kwa tuta la barabara, safari hii ukiinua.

Sasa ongeza jiometri mpya, anza kuhariri, na chini ya 2D Flow Areas chora mzingo wa eneo. Uchore kwa ukarimu. Ukingo wa mzingo ambao haujapewa masharti ya mpaka (jinsi maji yanavyoingia au kutoka) ni ukuta wa kioo: maji yakiufikia yanasimama na kupanda. Weka nafasi ya seli mita 20 kwa mita 20. Eneo la kilomita za mraba 3 litakuwa na seli kama 7,500, na laptopu ya kawaida inalimaliza kwa dakika chache. Kwenye korongo lenyewe weka eneo la kukaza seli hadi mita 5.

Ukwaru wa ardhi, yaani namba ya Manning, ingiza kwa tabaka la matumizi ya ardhi. Korongo la mchanga mtupu 0.030. Korongo lenye vichaka na magugu 0.05 hadi 0.07. Shamba 0.04. Vichaka vya miiba 0.08 hadi 0.10. Lami 0.016. Mtaa wenye nyumba na kuta za uzio uupe 0.15 au zaidi kama hukuinua nyumba kwenye ardhi yenyewe. Usipoteze wiki hapa; makosa ya ardhi ni makubwa kuliko tofauti ya 0.035 na 0.040.

Mistari ya mipaka huchorwa nje kidogo ya mzingo. Juu, mahali korongo linapoingia, chora mstari unaokatiza upana wa korongo, sio zaidi. Chini, chora mstari mrefu unaofunika bonde zima maji yatakapotokea. Mpaka wa chini uwe mita 400 au 500 baada ya kalavati, ili kosa la mpaka lisirudi kukuchafulia kina unachokitafuta.

Tuta linalovuja

Hapa ndipo modeli nyingi za barabara na reli zinapodanganya, na inafaa kuelewa sababu yake.

HEC-RAS haioni seli ya mita 20 kama kigae bapa. Inasoma ardhi iliyo ndani yake kwa pikseli, inajua seli ina ujazo gani kwa kila kimo cha maji, na kila upande wa seli unasomwa kama sehemu-mkato kamili. Ndiyo maana seli kubwa zinaweza kutoa matokeo mazuri. Lakini ndani ya seli moja usawa wa maji ni mmoja. Sasa fikiria tuta la reli lenye mgongo wa upana wa mita 8 linalopita katikati ya seli ya mita 20. Pande zote za seli zimeangukia chini ya tuta, hakuna hata moja iliyokaa mgongoni. Maji yakipanda upande wa juu, programu inayaweka kwa usawa uleule upande wa pili, ndani ya seli ileile, kisha yanaendelea zake kwenye seli inayofuata. Yamevuka tuta bila kulipanda.

Dalili yake ni rahisi kuiona. Cheza matokeo taratibu na uangalie nyuma ya tuta: kuna madoa ya bluu yanayotokea kabla maji hayajafikia kimo cha mgongo. Hilo ni vujo la gridi.

Dawa ni mstari wa kulazimisha pande za seli, kwenye menyu unaitwa Breaklines. Uchore juu kabisa ya mgongo wa tuta, sio pembeni, uupe nafasi ya mita 10, kisha bofya kulia na uchague kuulazimisha kwenye gridi. Kuza picha na uufuate mstari wote kwa macho: pande za seli lazima ziwe zimejipanga mgongoni kama matofali. Rudia kwa kingo za korongo, mitaro mikubwa yenye tuta, na kuta za mabwawa madogo ya mifugo. Ukiona seli imegeuka nyekundu au programu inalalamika kuwa seli ina pande zaidi ya nane, sogeza au futa pointi moja karibu na kona ya mstari.

Kalavati na mchanga

Programu haijui kwamba maji yanapita chini ya barabara mpaka uiambie. Chora SA/2D Connection juu ya mgongo wa barabara, kutoka kushoto kwenda kulia ukiwa umeelekeza uso mto unakoelekea. Ukichora kinyume, mtiririko utaandikwa kwa alama ya kutoa na jedwali litakuchanganya. Kisha kwenye mhariri wa jiometri ingiza mgongo wa barabara kama ulivyoupima, na kalavati: matundu mawili ya mstatili, upana 2, kimo 1.5, urefu wa bomba, vimo vya sakafu mbele na nyuma. Kwa maji yanayopita juu ya barabara tumia mgawo wa 1.5.

Ujumbe wa kosa utakaokutana nao hapa unasema sakafu ya kalavati iko chini ya ardhi ya seli. Sababu karibu kila mara ni kwamba mdomo wa kalavati haumo kwenye ardhi yako: droni iliona kichaka au kivuli, au satelaiti ililainisha kila kitu. Usipandishe sakafu ili kosa liondoke. Rudi kwenye zana za kurekebisha ardhi, chimba mdomo mbele na nyuma hadi kimo ulichopima, halafu jaribu tena.

Kisha kuna mchanga. Mchoro wa mkandarasi unasema mita 1.5. Shuka ndani ya korongo Novemba ukiwa na futikamba, upime kutoka juu ya mchanga hadi kwenye dari ya kalavati. Ukikuta sentimita 75, hilo ndilo kalavati ulilonalo. HEC-RAS ina sehemu ya Depth Blocked kwenye data za kalavati. Ingiza hapo 0.75.

Tazama tofauti inayoletwa. Maji yakiwa yamefika mgongo wa barabara, kila tundu hupitisha takribani 0.6 × eneo × √(19.62 × kina juu ya katikati ya tundu). Kalavati safi lina eneo la mita za mraba 3 kwa tundu na kina cha mita 1.5, kwa hiyo matundu mawili yanapitisha mita za ujazo 19.5 kwa sekunde. Likizibwa theluthi moja yanabaki 12. Likizibwa nusu, 8.5 tu. Nusu ya mchanga imekula zaidi ya nusu ya uwezo, kwa sababu katikati ya tundu nayo imepanda.

Ukiangalia kina tu unaweza kudhani tofauti ni ndogo. Kama maji yanafurika kwenye urefu wa mita 60 za barabara, kina cha kilele juu ya mgongo kinatoka sentimita 49 kwa kalavati safi na 60 kwa lililozibwa nusu. Sentimita 11, basi. Lakini angalia saa. Kwa haidrografu yetu, bila kuhesabu maji yanayotuama nyuma ya tuta, kalavati safi linazidiwa dakika ya 44, na lililozibwa nusu linazidiwa dakika ya 19. Kuteremka ni hivyohivyo: barabara inafungika dakika 186 kwa kalavati safi, dakika 253 kwa lenye mchanga. Zaidi ya saa nzima ya ziada, na mafuriko yanaanza kabla mwenye bodaboda hajaona dalili yoyote. Endesha modeli mara tatu: safi, theluthi, nusu. Ukimpa mtu ramani ya kalavati safi peke yake, umempa ramani ya siku ya uzinduzi.

Kuendesha

Kwenye data za mtiririko, mpaka wa juu upe Flow Hydrograph, yaani haidrografu yetu, na mteremko wa nishati sawa na mteremko wa kitako hapo, tuseme 0.008. Mpaka wa chini upe Normal Depth, yaani kina kinachokokotolewa kutokana na mteremko, kwa mteremko huohuo. Hii inafaa pale korongo linapoendelea kushuka. Korongo likiishia kwenye bwawa kama Hombolo, au mto Bubu unapoingia kinamasi cha Bahi, kimo cha maji kinaamuliwa na bwawa au kinamasi. Hapo tumia Stage Hydrograph, yaani kimo cha maji kwa muda, na uweke kimo halisi cha msimu.

Hatua ya muda inatoka kwenye namba ya Courant: kasi ya maji mara hatua ya muda, gawanya kwa upana wa seli. Iweke isizidi 1 kwa hesabu kamili. Kasi ya mita 3 kwa sekunde na seli ya mita 5 zinataka sekunde 1.6 au pungufu, kwa hiyo chagua sekunde 1. Unaweza pia kuiachia programu ijirekebishe, kikomo cha juu 1.0 na cha chini 0.4, cha chini kiwe chini ya nusu ya cha juu, la sivyo itakuwa inapanda na kushuka bila kutulia.

Anza na Diffusion Wave, hesabu iliyorahisishwa ambayo ni nyepesi na hutulia haraka. Ikienda vizuri, badili kwenda SWE-ELM, ambayo ndiyo hesabu kamili, na ulinganishe. Mbele ya kalavati na kwenye kona kali za korongo majibu yatatofautiana. Amini la pili. Endesha saa 8 ili mkia wa mafuriko utoke wote, na uhifadhi ramani kila dakika 5. Kama umeme wenu una tabia ya kukatika jioni, washa pia uandishi wa faili la kuanzia upya.

Ikimaliza, fungua kumbukumbu za ukokotoaji kabla ya ramani. Kosa la ujazo liwe chini ya asilimia 1. Kisha chukua ile karatasi ya ukutani: maji yaliyoingia yawe karibu na 456,000. Ukikuta milioni 16, umeingiza kwa futi za ujazo au kinyume chake. Ukikuta nusu, haidrografu imekatika kabla ya mkia. Mistari mingi inayosema seli fulani imefikisha marudio 20 bila kutulia inakupa namba ya seli. Ikuze hiyo seli, na mara nyingi utakuta iko mdomoni mwa kalavati au ina umbo la kipande cha muhogo, ndefu na nyembamba. Irekebishe, punguza hatua ya muda kwa nusu, endesha tena.

Alama ukutani

Modeli isiyolinganishwa na maji halisi ni mchoro wenye rangi. Baada ya mafuriko tembea ndani ya wiki moja, kabla mvua nyingine haijaosha. Tafuta mstari wa tope kwenye kuta, nyasi na mifuko iliyonasa kwenye seng'enge na miiba ya migunga, mchanga uliorundikwa barazani. Piga picha ukiwa umesimamisha fimbo ya kupimia, andika kimo kutoka ardhini, na upime pia kimo cha ardhi hapo. Nyasi zilizonasa kwenye mti ulio katikati ya mkondo huwa juu kuliko maji yalivyokuwa, kwa sababu mkondo hugonga shina na kurukia juu. Ukuta uliokaa pembeni ni shahidi bora.

Ukiwauliza wakazi usiseme "Maji yalikuwa mengi?" Utajibiwa ndiyo. Uliza: "Mama, maji yalifika ngazi ya ngapi ya baraza hili?" na "Yaliingia kabla au baada ya adhana ya alasiri?" Majibu hayo mawili yanakupa kimo na saa.

Ukishapata alama nane au kumi, soma mpangilio wa makosa. Modeli ikiwa chini ya alama zote, juu na chini ya barabara, tatizo liko kwenye ujazo: mvua ilikuwa kubwa zaidi au CN ni ndogo. Ikiwa sawa chini ya barabara lakini chini sana upande wa juu, kalavati lako la kompyuta ni safi kuliko la kweli. Ikiwa alama moja tu ndiyo inayokataa, rudi kupima kimo cha ardhi pale kabla ya kugusa ukwaru. Usibadilishe vitu viwili kwa mara moja.

Ramani ya kutoa

Kina peke yake hakitoshi. RAS Mapper inaweza kuzidisha kina kwa kasi, na zao hilo ndilo linaloeleza hatari. Chini ya 0.3, kina nacho kisizidi sentimita 30, watu na magari wako salama kwa ujumla. Kati ya 0.3 na 0.6 gari dogo linaweza kusukumwa, na kina kikizidi nusu mita mtoto na mzee hawafai kuvuka. Zaidi ya 0.6 asivuke mtu yeyote, hata aliyezoea.

Toa ramani tatu kwa kila hali ya mchanga: kina cha juu, zao la kina na kasi, na muda ambao kila sehemu ilikaa chini ya maji. Kwenye kona ya kila ramani andika tarehe ya kupima ardhi, milimita za mvua na saa zake, CN, kiasi cha mchanga kwenye kalavati, kanda ya UTM na toleo la programu. Hifadhi folda yote pamoja na faili la ardhi, kwa sababu Novemba ijayo mtu atashuka tena korongoni na futikamba, na kitakachobadilika kwenye modeli kitakuwa namba moja kwenye Depth Blocked.